Shaba ya Birika kwenye Ekzosi ya Sherali

"Bomba ni la lori, Bwana Sherali, halikuzaliwa na gari hili," Abdeali alilalamika. Bomba lenyewe lilikuwa limelala katikati ya njia pale Marikiti, latoka moshi, na wachukuzi wa ndizi waliruka juu yake wakicheka.

"Nilikuuliza kama kazi waijua, ukasema waijua," Sherali akajibu. "Sasa wanipa nasaba ya bomba."

Abdeali alikuwa fundi bati, jirani yetu Bondeni. Koroboi, karai, mabirika, hizo ndizo kazi zake. Gari hakuwahi kuligusa. Lakini vita vilikuwa vimezuia vipuri, na kile kigari cha Sherali cha watu wawili, kisicho paa, kililiwa ekzosi na hewa ya chumvi. Sherali ndiye mwenye duka alilopanga Abdeali. Alimwambia amfungie ekzosi, au ahame dukani. Nyuma ya duka wakilala mkewe Hajrabai na watoto. Mtu wa hali hiyo atasema hajui?

Akapata bomba la lori bovu. Mdomo wake mpana, wa gari mwembamba, akaunganisha kwa lehemu kama aungavyo mkono wa birika. Alisahau kwamba birika lina maji ndani, ndiyo lehemu haiyeyuki motoni. Ekzosi haina maji. Kufika Marikiti, lehemu imechuruzika kama nta.

"Kesho asubuhi nitaliwasha," Sherali alisema. "Likianguka tena, toa vitu vyako."

Alasiri nilikwenda kudai birika langu la shaba, la marehemu mama, lililokuwa kwake tangu Ramadhani litiwe kalai, ule mpako mweupe wa ndani. Kila nikienda, "Kesho, dada." Nilikuwa nimeyapanga maneno ya kumchoma. Nikamkuta amekaa chini, vyombo vya kazi keshavitia guniani, Hajrabai akunja magodoro huku machozi yamtoka.

"Birika lako hilo, dada. Kalai sikutia. Lichukue kabla hatujahamishwa."

"Kwani hakuna njia?"

"Ipo. Shaba nikiikunja kama faneli, nikaifunga kwa misumari ya ribiti, haiyeyuki. Lakini siku hizi shaba nitaipata wapi?"

Hakulitazama birika. Hajrabai alilitazama, kisha akainamisha kichwa.

Mimi si mwenye moyo laini, waulizeni Bondeni. Nikasema, "Kata."

"La, dada. La mamako hilo."

"Mama hanywi chai sasa. Kata kabla sijageuka."

Akatwaa mkasi, ukateleza mara mbili, kisha akakata, na usiku kucha akawa chini ya gari akiifunga ile shaba.

Asubuhi Sherali alikwenda Liwatoni akarudi, gari languruma kama lori zima. Akalalamikia kelele, akainama kukagua kiungo, akaungua kidole, akaenda zake. Habari za duka hakuzitaja tena. Hajrabai akayakunjua magodoro.

Abdeali akanijia mlangoni, macho mekundu.

"Dada, birika nitakulipa. Kesho…"

"Hiyo kesho yako nimeichoka," nikamwambia. "Nimekusamehe. Nenda kalale."