Nilivyofunga Kikapu Feri

Kocha wetu wa mpira wa kikapu amenifunza mbinu ya watu wanene kama mimi: mpe beki mgongo, msukume kwa makalio, ukihisi ameegemea upande mmoja, geukia wa pili ufunge. Elimu kubwa kama hii siwezi kuiacha uwanjani. Nimeshasukuma kabati la mama na friji ya ofisini.

Jana nilikuwa Feri, kwenye msongamano wa kungoja kivuko, na papai langu la kutoka soko la Marikiti mkononi. Rafiki yangu Salim alikuwa nyuma yangu. Nilipohisi mtu kaniegemea, nikajua ni yeye ananijaribu. Nikamsukuma kwa makalio, nikaongeza bidii, kisha nikageuka kwa ustadi na kuliinua papai juu ya kichwa chake.

Salim alikuwa kando, ananunua karanga. Chini ya papai alisimama mama mmoja wa makamo, buibui limemwenda upande.

"Shikamoo, mama," nikasema, papai bado liko juu.

"Marahaba." Akanitazama kama anayekumbuka picha. "Wazee wako waliokuja Ijumaa kukuposea binti yangu walitwambia una haya sana."