Kikohozi cha Mshika Usukani

Bandarini walidhani jina lake lilitokana na ugonjwa. Walimwita Kifua, na mabaharia wapya walipoletwa kikosini walinong'onezwa wasikae karibu naye wakati wa kula. Alipelekwa hospitali zaidi ya mara moja, akapigwa picha, akatemeshwa makohozi kwenye kikopo, na kila mara daktari alimrudisha na jibu lile lile: mapafu mazima, kama ya kijana. Hakuna aliyeamini. Walisema picha ni picha, lakini na wao masikio wanayo.

Ni mkewe peke yake aliyejua kwamba mumewe, akiwa nyumbani, hakohoi kabisa. Alikuwa fundi cherehani, mwenye kibaraza mbele ya nyumba na masikio ya kusikia sindano ikianguka. Mwaka wao wa kwanza wa ndoa alimbana. "Mume wangu, huu ni ugonjwa gani unaovaa sare? Ukivua shati, nao unavuliwa." Kifua akacheka, kisha akamweleza, na alipomaliza kueleza hakuna aliyekuwa akicheka.

Kisa kilianzia kambini. Kifua alipojiunga na jeshi la majini, makuruta wote walilala bweni moja kwa miezi ya mwanzo, kabla ya kutengwa, wa kuwa maofisa huku na wa kuwa mabaharia kule. Kitanda cha juu yake kilikuwa cha kijana mrefu, mwenye maneno ya kupendeza, aliyemwambia mkufunzi siku ya kwanza kwamba amekuja kutafuta nyota za mabegani. Basi wakamwita Nyota, na yeye hakulikataa jina.

Siku ya zoezi la kuzima moto, ndoo nyekundu zilikuwa za mchanga na za kijani za maji, zote zimefunikwa. Mkufunzi akawasha mafuta ndani ya pipa, akaita mchanga. Nyota akawahi mbele ya wote, akanyakua ndoo, akamwaga. Yalikuwa maji. Moto ukaruka ukala nyusi za mkufunzi, na bweni likapata la kucheka wiki nzima. Kifua hakucheka. Alikuwa ameona jinsi mwenzake alivyosita mbele ya zile ndoo, akizitazama kama mtu aliyepewa barua ya lugha asiyoijua. Jioni Nyota akamwambia siri yake: kwake yeye nyekundu na kijani zote ni rangi ya udongo.

Siku chache mbele kulikuwa na kipimo cha macho, na asiyetofautisha rangi hizo mbili hawezi kuwa ofisa wa meli. Baharini, mwanga ukiwa hafifu, meli hutambulikana kwa taa zake: kijani upande wa kulia, nyekundu upande wa kushoto. Mkikatizana njia ukaona nyekundu ya mwenzako, wewe ndiye wa kumpisha. Ukiona kijani, endelea. Hakuna somo fupi kuliko hilo, na hakuna lililozamisha watu wengi zaidi.

"Nitakuwa mbele yako kwenye foleni," Nyota alisema. "Kohoa mara moja ikiwa nyekundu, mara mbili ikiwa kijani. Nikipanda, ndugu yangu, sitakuacha chini."

Kifua akakohoa siku ile, mlangoni pa chumba cha kupimia, mpaka daktari akamwonea huruma akampa dawa ya kifua.

Nyota akapanda. Akawa luteni, akawa kamanda wa boti ya doria, akawa nahodha wa meli kubwa, na kila alikopelekwa ombi lake la kwanza lilikuwa kupewa mshika usukani wake. Wakubwa walimsifu kwa hilo; walisema huyu hasahau watu wa chini. Katika chumba cha usukani, mshika usukani hana maneno yake mwenyewe. Ofisa husema, "Kulia, kumi," yaani digrii kumi, naye hujibu, "Kulia, kumi, afande," ndipo azungushe. Miaka nenda, miaka rudi, Kifua alisema maneno ya mwenzake, na katikati ya maneno hayo akakohoa, mara moja, mara mbili, na meli ikapita salama.

Alichotaka yeye kilikuwa kidogo. Palikuwa na boti fupi, nene, iliyofungwa matairi ya gari kiunoni, kazi yake kuvuta na kusukuma meli kubwa mpaka gatini. Mabaharia waliiita Punda. Nahodha wa Punda hakuwa ofisa. Alitoka miongoni mwa washika usukani wa siku nyingi, alirudi kulala kwake, na ndani ya boti ile neno la kwanza lilikuwa lake. Kifua alitaka hilo tu: kabla hajastaafu, aseme yeye "kulia," na mwingine aitikie. Lakini hakuna aliyepewa Punda bila mkubwa wake kumsemea mbele ya baraza. Kila nafasi ilipotokea, Nyota alimwomba avumilie. Mara kuna meli mpya. Mara kuna mazoezi na wageni. Mwishowe akasema waziwazi, wakiwa peke yao, kwamba akimwachia aondoke, yeye mwenyewe atazama.

"Shukrani ya punda ni mateke," mkewe alisema, akikata uzi kwa meno. "Na wewe hata huyo Punda hujampata."

Halafu ikaja alfajiri ya ukungu. Kifua alikuwa na mafua, mafua ya kweli, pua imeziba na koo linawasha. Mlinzi wa nje akaripoti taa mbele, upande wa kulia. Ukungu ulipopasuka kidogo Kifua akaiona, nyekundu. Akakohoa mara moja. Na koo lake, ambalo miaka yote lilikuwa limemtii kuliko mtoto, likatoa kikohozi cha pili bila kuagizwa.

"Endelea hivyo hivyo," Nyota akasema.

Mshika usukani hurudia amri. Ndivyo alivyofundishwa, na ulimi wake ulikuwa umekwisha kuitikia, "Hivyo hivyo, afande," kabla akili haijafika. Ndipo akapiga kelele, nyekundu, nyekundu, akazungusha usukani bila amri ya mtu. Walikuwa wamechelewa. Waliigonga ubavuni meli ndogo iliyobeba saruji, nayo ikalala upande, polepole, huku vumbi la saruji likitanda juu ya maji kama unga uliomwagika jikoni.

Nyota hakuwa mwoga, na hilo hatanyimwa. Alivua viatu akajitupa majini kabla boti ya kuokolea haijafunguliwa, akawatoa watu watatu, mmoja baada ya mwingine. Wa nne alikuwa mpishi. Huyo alitolewa jua likiwa limepanda, aproni bado imefungwa, na mfukoni mwa aproni mna kijiko.

Kwenye uchunguzi Nyota alieleza kwamba mshika usukani wake alishikwa na kikohozi, akachelewa kugeuza. Hakumlaumu, aliomba mtu huyu ahurumiwe kama mgonjwa. Mwenyekiti akamgeukia Kifua, akamwuliza kama ni kweli alikohoa.

"Ni kweli, afande," Kifua akajibu. "Nilikohoa."

Angesema yote, wangefungwa wote wawili, na mpishi asingeamka. Tena ndani yake aliamini, na hakuacha kuamini, kwamba ni koo lake lililomwua yule mtu. Basi hakufukuzwa. Nyota akapewa nishani ya ushujaa kwa kuwaokoa watu watatu wa meli aliyoigonga mwenyewe, na sare yake ikaletwa kibarazani kama siku zote, ili mke wa Kifua ashone utepe wa nishani juu ya mfuko. Nyota alikuja mwenyewe kuichukua. Akainyoosha mbele yake, akauliza, "Shemeji, utepe unaonekanaje?"

"Mwekundu kama damu, shemeji," mke wa Kifua akasema, mguu wake ukiwa bado kwenye cherehani. "Huo hata wewe ungeuona."

Nyota akaikunja sare taratibu. Tangu siku hiyo alimtuma dereva.

Tepe zikaongezeka. Za utumishi mrefu, za mazoezi, za urafiki na majeshi ya wageni, safu juu ya safu, mpaka fundi akaanza kulalamika kwamba kifua cha shemeji yake kimekwisha nafasi. Nyota akawa admirali, akapewa ofisi yenye zulia na mfano wa meli ndani ya sanduku la kioo. Baharini hakwenda tena. Kifua alibaki kwenye meli, akiwashikia usukani maofisa waliokuwa na macho yao, na pale hakukohoa hata kidogo, wala hakuna aliyelitambua hilo, kwa kuwa jina lilikwisha kukaa. Kisha nahodha wa Punda akastaafu. Ulikuwa mwaka wa mwisho ambao umri wa Kifua ulimruhusu kuomba.

Alikwenda ofisini kwa Nyota akiwa amepigiwa shati pasi mara mbili. Akapiga saluti, akangoja aambiwe apumzike. Nyota akafunga mlango kwa mkono wake, akamwita ndugu yangu, akamkalisha kwenye sofa, wakazungumzia magoti yanavyouma na wajukuu wanavyokua. Kisha Kifua akataja haja yake, akamkumbusha ahadi ya bwenini.

"Sasa huhitaji tena kikohozi changu," alisema. "Humu hamna taa."

Nyota akamjibu, "Safari hii nitakwenda kukusemea mwenyewe. Nakuapia."

Na kweli akaenda. Baraza lilipomaliza, mwenyekiti, kamanda kijana mwenye adabu, alimwita Kifua ndani kwa uso wa mtu aliyebeba habari njema. Akamwambia admirali mwenyewe amekuja, jambo ambalo hawajawahi kuliona, akamsifu mpaka wakaona haya kwa kutomjua mapema. Admirali akaeleza jinsi kifua cha mwenzake kilivyomsumbua tangu ujana, akakumbusha na ile ajali, akasema itakuwa ukatili kumweka mzee wa watu kwenye upepo wa Punda. Ameomba apewe ghala la kamba. Kazi ya kivulini, mzee wangu. Kiti kipo.

Kifua akaelewa akiwa bado amesimama wima. Kama kifua chake ni kizima, basi alfajiri ile alikohoa nini? Nyota alikuwa amefika pale akijua vizuri kwamba hawezi kumponya mwenzake bila kujiuguza mwenyewe. Pengine alipoapa pale kwenye zulia alimaanisha. Pengine njia nzima alimaanisha, mpaka alipoulizwa swali la kwanza.

"Ghala la kamba, afande," Kifua akaitikia, kama alivyoitikia amri zote.

Haukupita muda Nyota naye akaagwa. Desturi yao ni kwamba admirali anayeondoka huzungushwa bandarini kwa boti iliyopambwa bendera, na wakati wa kurudi hushika usukani yeye mwenyewe, mbele ya wageni, ubavuni mwake akiwa na baharia wa zamani atakayemchagua. Alimchagua Kifua. Watu wakasema, mnaona, hasahau watu wa chini.

Mkewe Kifua alimfunga vifungo vya shati asubuhi ile kama anayemvisha mtoto. "Nakuomba jambo moja," alisema. "Leo ufunge mdomo. Usiseme, usilalamike. Nyamaza tu, na yeye asikie ukimya wako unafananaje."

Kifua akakubali. Alikubali kwa moyo wake wote.

Mchana ulikuwa mweupe. Njia ya kuingilia bandarini ilikuwa imechimbwa upya mwaka ule, na maboya yake, mapipa ya umbo moja yaliyopakwa rangi, yakahamishwa: mekundu uyaache kushoto ukiingia, ya kijani uyaache kulia, na nje ya hapo ni mwamba. Nyota alikuwa ofisini wakati wote wa uchimbaji ule. Akashika usukani, wageni wakapiga picha, wajukuu wake wakajipanga mbele kabisa, miguu inaning'inia juu ya maji. Nishani zikagongana kifuani kwake boti ilipoongeza mwendo.

Boya la kwanza likajitokeza, peke yake. La kijani. Nyota aliendelea kutabasamu kwa wageni, lakini kichwa chake kikainama kidogo upande wa Kifua, sikio mbele. Nywele juu ya sikio lile zilikuwa zimekwisha kuwa nyeupe. Kifua akabana midomo. Boya likakaribia.

"Ndugu yangu," Nyota akasema, chini kwa chini.

Kifua akatazama mbele. Mikono ya Nyota ilianza kuzungusha, na ilikuwa inazungusha kuelekea siko. Mjukuu mmoja akanyoosha kidole kwenye maji akacheka. Kifua akakiona kijiko cha mpishi, kikiwa mfukoni, kimelowa.

Akakohoa mara mbili.

Boti ikageuka, ikapita pazuri, wageni wakapiga makofi. Nyota akaachia pumzi, akamshika Kifua bega, akawageukia watu. "Mnakisikia kifua hicho?" akasema. "Ndiyo maana nimemtafutia kivuli." Wakacheka kwa huruma, na mama mmoja mwenye kofia akamletea Kifua maji ya kunywa.

Jioni mkewe hakuinua kichwa kutoka kwenye cherehani. "Ulikohoa?"

Kifua alivua shati, akalitundika msumarini. "Kulikuwa na watoto mbele."

Mkewe akakanyaga cherehani, na sindano ikaenda.

Asubuhi yake Kifua alifungua ghala la kamba, akakiona kiti, hakukikalia. Karibu na dirisha Punda ilikuwa ikijitoa gatini, matairi yakisugua ukuta, na nahodha wake mpya akaita kwa sauti iliyojaa, "Kulia, kumi."

Ndani ya ghala, kamba mkononi na hakuna wa kumsikia, Kifua akasema, "Kulia, kumi, afande."