Jiwe Lisilotoa Povu

Yote yalianza kwa ndimu. Nilirudi nyumbani Fumba likizo iliyopita nikiwa nimejaa maneno ya chuo, na mama akaniuliza ni kitu gani hasa wanachonisomesha huko bara. Nikakata ndimu, nikaikamulia juu ya jiwe la uani. Likatoa povu jembamba. Nikamwambia hilo ni jiwe la chokaa, limetokana na matumbawe na makombe yaliyorundikana chini ya bahari mpaka yakashikana. Nikaona bado ananitazama, basi nikaendelea. Ziko nchi ambako maji ya moto yenye chumvi hupenya kwenye nyufa za mawe kama haya, yamebeba magnesiamu na zinki. Magnesiamu huchukua nafasi ya sehemu ya kalsiamu, chokaa ikageuka dolomiti, likabaki jiwe lenye vishimo vishimo, na zinki hutua humo. Ndiyo maana watafuta zinki wakikuta dolomiti huanza kuchangamka.

"Na hiyo dolomiti, ndimu haiitoi povu?"

"Haiitoi," nikasema.

Hapo ndipo nilipaswa kumwambia kwamba mawe yetu ni machanga, na maji ya namna hiyo hayajayapitia. Sikumwambia. Nilipenda mno anavyonisikiliza.

Mama ana kiwanja alichorithi pamoja na kaka yake. Ni mawe matupu, ila baina ya mawe mna udongo, na humo mama hupanda muhogo na mbaazi. Mjomba anaishi mjini, Michenzani, na tangu nyumba mpya zianze kusogea upande wetu anataka kiuzwe. Mama hataki hata kusikia. Hoja zake zilipomwishia, akashika yangu: huenda chini ya kiwanja mna zinki.

Mwezi uliopita akanipigia simu. "Njoo Ijumaa. Nshalipata."

Baada ya sala nilimkuta mjomba barazani na kikombe cha kahawa, na majirani wawili wa kike wamekaa mkekani. Nikamwamkia mjomba, akaitikia marahaba bila kunitazama. Mama akaleta sinia lililofunikwa kawa, kama analeta pilau. Alipofunua, palikuwa na jiwe alilolitoa kiwanjani, limeoshwa likaoshwa tena. Akalikamulia ndimu. Maji yakateremka mpaka kwenye sinia, povu hakuna. Majirani wakasema mashaallah.

Nikaligeuza. Upande wa chini masizi yalikuwa bado yameng'ang'ania. Lilikuwa figa! Bibi alikuwa na kibanda cha kupikia kule kiwanjani, na tui lililofurika kwenye vyungu vyake miaka yote ile lilikuwa limeliziba jiwe zima kwa mafuta. Ndimu haikuligusa jiwe lenyewe. Uso ukaniwaka moto.

"Haya, bingwa," mjomba akasema. "Ndilo?"

"Linataka kupimwa maabara," nikajibu, na sauti yangu mwenyewe ikanichefua.

Mjomba si mjinga. Akachukua kisu, akalikwangua, akakamulia ndimu pale palipokwanguliwa. Povu likapanda jeupe, likachemka mbele ya watu. Ni kweli kwamba hata dolomiti ikikwanguliwa hutoa povu kidogo. Nilishafungua mdomo kulisema hilo, nikijua halitanifikisha popote, lakini mama akaniwahi.

"Mwanangu kaniambia tangu mwanzo hamna kitu," akasema. "Mimi ndo mkaidi. Msimcheke yeye, nchekeni mimi."

Wakacheka kweli. Jirani mmoja akanigeukia kwa huruma, akasema masikini, kusoma kote kule na mama hasikii. Nilitakiwa niseme neno moja tu. Mama alikuwa akinitazama, wala hakuwa na hasira, alikuwa ananihimiza kwa macho nikubali.

Nikaitikia kwa kichwa.

Niliona aibu kiasi kwamba sikujua mikono yangu niiweke wapi, na hata sasa ninapoandika haya naiona mizito. Mjomba akaweka kikombe chini. "Sasa dada, lile neno letu tulimalize?"

"Uza, kaka," mama akasema.

Kisha akanigeukia, akaniuliza kama nshakula. Nikasema bado, akaenda kunipakulia.