Kunguni wa Wodi ya Wazazi

Tulikuwepo mimi Wangari, mdogo wangu Njeri aliyejifungua, mtoto mwenyewe akiwa na saa chache duniani, nesi Chebet, daktari wa ganzi, Mama Brayo wa kitanda cha jirani, na akina mama wengine waliojaa wodi, kwa hivyo mashahidi wa aibu yangu wako kila pembe ya Nakuru na siwezi kukana.

Ilianza na kuona haya kuuliza. Kabla ya upasuaji daktari alitueleza kwamba Njeri hatalazwa usingizi, atadungwa mgongoni na kuachiwa mrija mwembamba wa kupitisha dawa mbili zilizochanganywa, moja ya ganzi na nyingine kidogo ya jamii ya mofini ili maumivu yasirudi haraka, kisha akaendelea na mengine mengi, lakini mimi nilipokwisha kusikia "mgongoni" masikio yaliziba (mama yetu alifariki akimzaa kitindamimba wetu, nami nikaacha shule darasa la saba nikawalea).

"Kuna swali, mama?" akaniuliza.

"Hakuna, daktari, nimeelewa."

Nilitaka siku hiyo Njeri asimkose mama, na nilidhani mama ni mtu anayejua.

Mtoto alitoka akilia kwa nguvu, msichana wa pili kwa Njeri, na kwa desturi yetu huyo huchukua jina la bibi mzaa mama, yaani mama yetu, Wambui. Miaka yote hiyo jina lile tulilitaja tukizungumzia kaburi, sasa nilimwinamia mtu anayepumua nikamwita, polepole, nikamwita tena, na ningeendelea hadi jioni kama Njeri hangeanza kujikuna pua, halafu shingo, halafu kifua.

"Dada, nawashwa."

Nimeishi nyumba za kupanga tangu utotoni, kunguni namjua. Niliinua blanketi nikatafuta, sikuona kitu, nikaamua wamejificha, nikasema (kwa sauti, Mungu anisamehe), "Hapa kuna kunguni." Mama Brayo akajikuna mkono. Aliyefuata akajikuna mgongo. "Kumbe ndiyo maana sikulala," akasema mwingine, na muda si muda wodi nzima inajikuna, nami nikajitolea kukusanya mablanketi yote na kuyaanika kwenye ua nje, na mvua ikashuka kutoka mlima Menengai bila hata kupiga hodi.

Nesi Chebet akaingia akakuta akina mama wenye vidonda vibichi wamejikunyata kwa baridi. Hakuna aliyenitaja. Waligeuka tu wote wakaniangalia.

"Mathe, umeshika kunguni wangapi?" nesi akaniuliza.

"Bado hawajatokea, sister."

"Hawatatokea. Ni ile dawa ya pili. Huwasha mama usoni na kifuani, wengine ganzi huwatetemesha, na presha inaweza kushuka, ndiyo maana tunampima kila mara. Muwasho ukizidi tutampa kitu cha kuutuliza. Mtoto hupata dawa kidogo sana, si ulimsikia akilia? Daktari alisema haya yote asubuhi. Si ulimwambia umeelewa?"

Njeri alikuwa akicheka huku anajikuna pua. "Muache, sister," akasema. "Hata mama angetafuta kunguni."

Nikageukia dirisha. Nilikuwa nimesahau sauti ya mama, lakini kule kuinua matandiko kwa hasira, kweli, kulikuwa kwake.

Mama Brayo akavuta kutoka chini ya mto wake blanketi la nyumbani, zito, la bluu, alilokuwa amenificha nilipokusanya mengine. "Shika," akaniambia, akimwonyesha Wambui mdogo kwa kidevu. "Mfunike huyo mama yako asishikwe na homa."

Siku hizi daktari akiniuliza kama nina swali, nina swali, na nikijibiwa nauliza lingine, wacha foleni inung'unike. Lakini kesho yake baada ya mvua ile nilienda nyumbani kupika uji, na niliporudi Mama Brayo alikuwa ameruhusiwa kwenda. Walisema anakaa upande wa Njoro. Kila tunapompeleka Wambui kliniki kupimwa uzito naangalia nyuso za akina mama kwenye mabenchi. Blanketi liko kwangu, safi, limekunjwa, na mwenyewe sijamwona.