Nilimsomea Mama Eliamini Yasiyoandikwa

Kosa ni langu, simsingizii mtu. Nimekaa nalo mwaka mzima, na nyumbani hata mama yangu mzazi hajui. Nakuambia wewe kwa sababu hunijui, na nimechoka kulibeba.

Nilimaliza chuo nikarudi nyumbani Same bila kazi. Nikawa nashinda ndani, naona aibu hata kutumwa sokoni. Jirani yetu akaniambia kituo cha jamii kinatafuta mtu wa kujitolea kufundisha watu wazima kusoma. Nilienda ili tu nisionekane nimekaa bure.

Mimi niliyekuwa siwezi kuongea mbele ya watu watatu, baada ya miezi miwili nilikuwa nasimama mbele ya kina mama kumi na wanane. Nawaamkia shikamoo, wanaitikia, kisha wananiita mwalimu. Nilianza kujiona mtu. Labda hapo ndipo kichwa kilipovimba.

Mmoja wao nitamwita Mama Eliamini, si jina lake. Alikuwa mjane wa Myamba, kijiji cha milimani, anashuka na tangawizi kuuza Same, kisha anabaki kwa dada yake siku za darasa. Mwanaye pekee, Eliamini, alikuwa mbali mjini. Akipigiwa alikuwa hapokei, anasema kazi zimembana, lakini ujumbe alituma. Mama alikuwa na simu ya kitochi. Kila ujumbe ukiingia alinisubiri mimi.

"Majirani wakinisomea, mtaa mzima unajua," aliniambia. "Wewe ni mwalimu wangu."

Siku moja aliniletea simu huku anacheka. Alijua ni habari za harusi ya mwanaye. Nikafungua, nikakuta hivi: "Mama usije harusini. Watu wa huku hawajui hali ya nyumbani. Shangazi atakaa kwenye nafasi yako. Naomba unielewe."

Nikamtazama usoni. Nikashindwa.

"Anasema harusi imesogezwa mbele," nikasema. "Atakuja mwenyewe kukuchukua."

"Mwandikie namsubiri. Mwambie kitenge nimeshashona."

Mimi nikaandika: "Sawa mwanangu, nimekuelewa. Mungu awabariki." Nikatuma. Nilijiambia namlinda. Nilirudi nyumbani nikijisikia mwema kabisa.

Harusi ikapita. Eliamini akatuma, "Asante mama kwa kunielewa." Nikamsomea kwamba anamsalimia sana. Mama akawatangazia wenzake wa kanisani Myamba kwamba kijana anakuja kumchukua. Wakawa wanamuuliza kila Jumapili, naye kila Jumanne ananiuliza mimi. Nikawa natunga tu. Mara amebanwa, mara ukumbi haujapatikana.

Nilichosahau ni kwamba nilikuwa namfundisha kusoma, na alikuwa anaelewa.

Alhamisi moja wenzake walikuwa wanaandika, akaja mezani kwangu. "Mwalimu, nisomee tena ile ya harusi."

Nilidhani amemkumbuka mwanaye. Nikarudia uongo wangu neno kwa neno, wala sikutazama kioo cha simu.

Akaichukua simu. Akaweka kidole chini ya maandishi, akaanza kusoma kwa sauti, silabi kwa silabi, vile vile nilivyomfundisha.

"Ma-ma. U-si-je. Ha-ru-si-ni."

Kalamu zote zikasimama. Alisoma mpaka mwisho. Kisha akasoma lile jibu nililotuma kwa jina lake.

"Mama, nisamehe. Nilikuonea huruma."

"Huruma?" Hakupaza sauti. "Mwanangu kanificha kwa wakwe zake. Wewe ukanificha kwa mwanangu. Ningempigia mpaka apokee. Ningelia asikie. Sasa anajua mama yake alisema sawa."



"Niliwakimbia majirani kwa sababu ya midomo yao," akaendelea. "Heri wao wangenisomea ukweli wakanicheka."

Akachukua daftari lake, akaondoka. Hakurudi tena.

Wiki iliyofuata kina mama walikuja, lakini hakuna aliyenipa simu wala karatasi ya kliniki. Mmoja alikunja barua yake haraka aliponiona nasogea. Wakaanza kupungua, wakabaki sita. Msimamizi wa kituo aliponiuliza, nikamjibu kwamba wapo mashambani. Uongo mwingine tena.

Mwishowe nikapanda gari la Myamba. Nikamkuta uani anaosha tangawizi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Akanipa kigoda, akanimiminia chai. Hakunifukuza, na hilo liliniuma zaidi. Nikaomba msamaha, nikilia. Akanisikiliza huku mikono yake iko ndani ya maji.

"Nimeshamwandikia mwenyewe," akasema. "Mistari miwili."

"Amejibu?"

"Hilo si lako tena, binti."

Nikamaliza chai nikashuka. Siku ya darasa niliwaeleza wale sita kila kitu kwa mdomo wangu, msimamizi akiwa amesimama mlangoni. Bado nafundisha. Wachache wamerudi. Simu bado hawanipi, na siwalaumu.

Wewe unayejitolea popote pale, na unayesifiwa kama nilivyosifiwa mimi, usidhani wema wako unakupa ruhusa ya kumchagulia mtu mzima habari za kujua. Ukiombwa kusoma, soma kilichoandikwa. Kama ni kichungu, msomee hivyo hivyo, kisha kaa naye akilia. Mimi niliogopa hiyo sehemu ya kukaa naye, nikaiita huruma.