Mtori Alioula Anaeli

Ipo siku moja ninayoikumbuka kila manyunyu yanaponikuta barabarani, mwanangu, na barabarani ndiko nilikomalizia nusu ya umri wangu. Ni siku ya manyunyu, shoka liliponiteleza. Enzi hizo Mwingereza ndiye aliyetawala, nami nilikuwa nimetoka sekondari juzi tu, nikaandikwa karani wa kupima magogo katika msitu wa juu ya Olmotonyi. Kazi yangu ilikuwa utepe na penseli. Wapasua mbao walinicheka kwa mikono yangu laini, basi nikanyakua shoka la mmoja wao niwaonyeshe. Mzee wa kambi alinikataza. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu halikuvunjika, lilipasuka, kutoka chini ya goti hadi karibu na kifundo.

Nilishonwa hospitalini, kisha nikapelekwa kwa shangazi yangu, upande wa Nkoaranga. Mama yangu alikwisha kufariki, na shangazi huyo ndiye aliyenilea. Nyuzi ziliachia, kidonda kikabaki wazi. Kila siku ya tatu dresa wa zahanati, mzee mpole mwenye koti jeupe, alipanda kile kinjia chenye utelezi kuja kukisafisha na kukifunga.

Shangazi alinipikia mtori. Naisikia harufu yake hata sasa: ndizi mshare zilizopondwa zikalainika, nyama ya kidari yenye mafuta, kitunguu, na maziwa mabichi yakimiminwa mwishoni. Hapo ndipo ujinga wangu ulipoanza, kwa maana kwetu Meru mtori wa namna ile ni chakula cha mzazi, mwanamke aliyetoka kujifungua. Anaeli, kijana wa jirani na rika langu, alikuja kunijulia hali akiwa na wenzake wawili. Akaliona bakuli.

“Hongera, mzazi! Dume au jike?”

“Nenda zako, Anaeli.”

“Basi nipe mtoto nimbebe. Au amelala?”

Wenzake walicheka mpaka wakashika ukuta. Nikamsukumia bakuli. “Kula wewe, kama unautamani.”

Akala, tena kwa bidii. “Nakuokoa na aibu, ndugu yangu,” alisema akilamba kijiko.

Tangu siku hiyo, shangazi akishateremka kwenye kahawa yake, Anaeli alifika bila kuitwa. Mimi nilikula ndizi za kuchoma na chai ya rangi, nikijiona dume. Shangazi alikuta bakuli limekaushwa, akafurahi. Wiki zikapita. Anaeli akaota mashavu. Mimi nikakonda, na kidonda kikakaa palepale, cheupe, kinatoa maji.

Siku moja dresa alikitazama muda mrefu, kisha akakifunga. Alipotoka nilimsikia mlangoni.

“Mama, ninakisafisha vizuri, na dawa ni ileile iliyowaponya wengine. Sijui kwa nini hakifungi. Kikianza kuoza itabidi apelekwe mjini, na huko huenda wakaukata mguu. Anakula?”

“Anakula, baba. Bakuli linarudi tupu.”

“Basi mwongezee.”

Jioni ile shangazi alimchinja kuku wake aliyekuwa anataga. Watoto wake walikuwa wakila makande matupu, kwa sababu maziwa yote ya ng'ombe wake mmoja yaliingia kwenye chakula changu. Mimi nilijua, nikanyamaza. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Niliuficha ujinga wangu, na mguu ukawa njiani kupotea.

Kesho yake shangazi alirudi mapema kuchukua kikapu, akamkuta Anaeli na kijiko mkononi. Hakupaza sauti.

“Anaeli, umekatwa wapi?”

“Sijakatwa, mama.”

“Basi umejifungua lini?”

Anaeli aliweka kijiko chini, akapita mlangoni kwa ubavu, wala hakuaga. Shangazi akaketi ukingoni mwa kitanda changu.

“Kumbe nimemdanganya dresa kwa kinywa changu,” alisema.

“Wananicheka, shangazi. Wanasema ni chakula cha wazazi.”

“Mzazi tunampa mtori kwa sababu amemwaga damu na ana jeraha ndani. Na wewe umemwaga damu. Ukipona utakuwa mwanamume kadiri utakavyo, lakini nyama haioti kwa chai. Sasa niambie, utakula au nikutafutie gongo la kutembelea?”

Nilikula kilichobaki. Machozi yaliingia humohumo.

Hapakuwa na muujiza, mwanangu. Dresa aliendelea kupanda kilima. Nami nikala mtori, mayai, maini yalipopatikana, maharage, mchicha, mapera ya nyuma ya nyumba. Polepole kingo za kidonda zikawa nyekundu, zikaanza kusogeleana. Mwezi wa tatu tangu niumie, nilisimama.

Na mguu ule ulipopona, ndio ulionichukua. Nilipandia basi kituoni Sakina, nikaenda Nairobi, kisha Kampala, kisha Tanga kwenye mkonge. Kila mji nimeagiza mtori hotelini. Ndizi ni ndizi, nyama ni nyama, lakini huinua kijiko nikatafuta kitu ambacho hakimo. Habari za kifo cha shangazi zilinikuta Tanga, akiwa amekwisha kuzikwa. Sikuwahi kumwambia ahsante ya mtu mzima. Sasa umri wangu umepita miaka arobaini, na bado natamani kuusikia mchi wake ukiponda ndizi, kule kwenye ukungu wa asubuhi.

Basi nisikilize. Ukiumia, nenda ukatibiwe, usiruke siku ya kubadilisha bendeji. Lakini dawa na bendeji hulinda mahali, anayejenga ni mwili wako, na hakuna fundi anayejenga bila tofali. Kula nyama ukiipata, ukiikosa kula maharage, mayai, dagaa, maziwa. Ongeza mboga za majani na matunda, kunywa maji. Usiulize chakula hicho ni cha nani, cha mzazi au cha mtoto. Kicheko cha marafiki hukaa siku moja, na mguu ukikatwa hauoti tena. Na anayekuuguza usimdanganye, umshukuru angali anasikia.

Mungu akujalie damu safi na mifupa imara. Akupe watu wa kukuuguza, nawe akupe moyo wa kupokea. Popote utakapokwenda, ufike mzima, na urudi kwenu watu hao wakiwapo bado.