Shamba la Kina Mama wa Vouvouni

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya uwekezaji, Mutsamudu, Mkuu wa Ofisi alinitazama viatu kabla ya uso.

"Kijana, mtaji wa kigeni ni fedha ya mtu wa nje inayotafuta pa kuzalia. Ni kama bwana harusi wa kwetu: anahamia nyumba ya mke, haichukui."

Nilicheka, nisielewe.

Nikahamishiwa Moroni, enzi za mamluki. Mkurugenzi wa huko alikuwa na haraka.

"Wazungu wenye bunduki wanalinda Ikulu, nchi imetulia. Mwekezaji anataka nini tena?"

Alikuwapo mmoja aliyetaka kujenga kiwanda cha kupika mafuta ya langilangi, maua ya manukato, kijijini Vouvouni. Nikawaendea wazee wa kiume uwanjani, tukala pilau, wakatia sahihi hati ya kumpa shamba. Nami ni mtoto wa Ngazidja, kisiwa hiki hiki! Nilijua shamba lile ni manyahuli, ardhi ya ukoo ambayo mama humrithisha binti. Nilidhani sahihi ya wazee wale, wajomba wa ukoo, ingetosha.

Tulipofika na mwekezaji na wapimaji, mamluki mmoja akitusindikiza, kina mama walikuwa wamepanga vinu shambani, wanatwanga. Mkubwa wao, Bi Eshata, hakuacha mchi.

"Mwanangu, pilau ya wajomba ilikuwa tamu? Basi kawapime wao!"

Wenzake wakaangua kicheko.

"Anasema nini?" mamluki akauliza kwa Kifaransa.

"Anatukaribisha chai."

"Mwambie huyo wa bunduki aende zake," Bi Eshata akaendelea. "Mwenye kiwanda abaki, tuzungumze."

Hilo sikulitafsiri. Niliogopa. Shamba halikupimika, mwekezaji akaondoka na mtaji wake, na vijana wa Vouvouni waliongojea kazi wakabaki mikono mitupu. Kosa hilo ni langu.

Mamluki walipoondoka, zikaja kura. Sitawadanganya: mawaziri walibadilika kabla hatujazoea majina yao, na wawekezaji wengine walichoka kungoja. Lakini sasa hakukuwa na mkurugenzi aliyethubutu kupima shamba bila kuwauliza wenyewe. Nilirudi kwa Bi Eshata nikiwa na mwekezaji mwingine, bila bunduki. Kina mama walikataa kuuza, wakakodisha, na vijana wao wakaajiriwa kwanza. Bwana harusi akahamia.

Sasa nimestaafu. Nikipita Vouvouni, harufu ya langilangi hunipokea kabla ya watu. Binti wa Bi Eshata, niliyemsimulia tafsiri yangu ya siku ile, huniita kutoka mlangoni: "Mjomba, mama anasemaje leo?"

"Anatukaribisha chai."

Na siku hizi chai huwa ipo kweli.